Niuze RX-8 Ninunue Noah?

Safu ya maswali na majibu kuhusu magari. Barua nne za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: gari la starehe la mwisho wa wiki limebaki uani, nyumbani linahitajika gari la kubeba watu na mizigo, na hela ni zile zile.

SWALI: Wahariri, salaam. Nina Mazda RX-8 ya mwaka 2005, gia ya mkono. Naliendesha Jumamosi na Jumapili tu. Siku za kazi familia nzima tunahangaika na bajaji na teksi za mtandaoni kati ya Tegeta na Posta jijini Dar es Salaam, na mtoto wa pili yuko njiani. Mama watoto anasema tuliuze tuchukue Noah. Rafiki zangu wanasema nikiliachia sitalipata tena jingine. Kwa sasa linakwenda vizuri, ila likiwa la moto linachelewa kuwaka. Niuze, nikabadilishane yadi na kuongeza hela, au nikae nalo? (Baba Wawili, Tegeta)

JIBU: Ndugu yetu, jambo zito kuliko yote umeliandika mwishoni kama dogo: likiwa la moto linachelewa kuwaka. Kwa RX-8 hiyo ndiyo dalili inayojulikana ya kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) kushuka. Bei, kubadilishana, kubaki nalo, vyote vinasubiri kipimo ambacho bado hujafanya.

Injini yako ni 13B-MSP, ambayo Mazda waliipa jina la Renesis. Haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, kila moja ikihesabiwa cc 654, ndiyo maana kadi inasoma 1,300 na kidogo wakati gari linavuta kuliko namba hiyo. Kila ncha ya rota ina sili ya chuma inayosugua ukuta wa ndani. Sili zikilika, au springi zake zikichoka, mgandamizo unavuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Asubuhi oili ikiwa bado nzito inaziba mwanya, na gari linawaka mara moja. Simama kituo cha mafuta dakika kumi, washa tena: oili imekuwa nyepesi, mwanya uko wazi, stata inazungusha weee.

Hata hivyo usiihukumu injini kabla ya vitu vya bei nafuu. Betri dhaifu au stata iliyochoka huleta dalili hiyo hiyo, kwa kuwa rota zinazungushwa polepole. RX-8 za miaka ya mwanzo zilitoka na stata ya mwendo mdogo, baadaye Mazda wakaleta yenye kasi zaidi. Kwa hiyo azima betri nzima kwanza, ujaribu gari likiwa la moto. Kisha tazama koili. Ziko nne, na nyingi huanza kudhoofu zikikaribia kilomita 50,000. Plagi nazo ni nne: mbili za chini na mbili za juu, na ni aina mbili tofauti. Fundi akizichanganya, gari litawaka lakini halitakaa sawa. Koili mbovu si kosa dogo, maana mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia kwenye masega ya sailensa, yale ya kusafishia moshi kwenye bomba la ekzosti. Masega yakiyeyuka na kuziba, joto linarudi kwenye injini, na hapo sili zinaliwa kwa kasi. Injini nyingi za RX-8 zilizokufa zilianza na koili ambayo mwenye gari aliiahirisha.

Vyote hivyo vikiwa salama, pima kompresheni. Kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni kinashika namba moja tu, ile ya juu kabisa, kwa hiyo rota yenye uso mmoja mbovu na miwili mizuri itaonekana nzima. Inatakiwa mashine ya rotari inayosoma kila uso peke yake, nyuso sita kwa injini yote. Kiwango cha Mazda ni 830 kPa (8.5 ukisoma kwa kilo) injini ikizungushwa mizunguko 250 kwa dakika. Chini ya 680 kPa (6.9) injini imechoka. Nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya 150 kPa, na rota mbili zisipishane zaidi ya 100. Injini iwe ya moto, betri imejaa, na kasi ya stata iandikwe kwenye karatasi pamoja na namba, kwa sababu stata ikizungusha haraka namba zinapanda na ikizungusha polepole zinashuka. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, hivyo usome namba kama zilivyo. Gari likipimiwa Arusha au Mbeya, namba zitakuwa chini kwa sababu ya mwinuko, na mnunuzi wa huko aelezwe.

Gereji isiyo na mashine hiyo inaweza kupata picha ya awali: fundi ashikilie kitufe cha kutolea hewa kwenye kipimo cha kawaida ili sindano isigande juu, kisha aangalie inavyoruka stata ikizunguka. Miruko mitatu inayolingana, tena na tena, ni dalili njema. Miruko miwili mikubwa na mmoja mdogo inakuambia uso mmoja umekufa. Hiyo haikupi namba ya kumwonyesha mnunuzi, lakini inakuambia kama kuna haja ya kuitafuta mashine.

Wakati unasubiri kipimo, usiliwashe RX-8 kulisogeza mita tano lioshwe halafu ukalizima. Likiwa baridi linamiminiwa petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye sili, plagi zinalowana, na kesho yake haliwaki. Ukishaliwasha, liache lipate moto kabisa ndipo ulizime. Likishalowana: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, fungua plagi zote nne uzikaushe, zungusha stata kwa sekunde chache chache huku mashimo yakiwa wazi ili petroli itoke, rudisha plagi na fyuzi, kisha washa. Usizungushe stata mfululizo dakika nzima, utaiua stata na betri pamoja. Na oili ikaguliwe kila baada ya kujaza mafuta mara mbili. Injini hii imetengenezwa kunyunyizia oili kwenye sili, kwa hiyo kula lita moja kwa kilomita 1,500 hadi 2,000 ni kawaida. Ikiacha kabisa kupunguza oili ndipo ushtuke, pampu ya kunyunyizia inaweza kuwa imekwama.

Tuje kwenye hesabu, na hapa wengi hujidanganya wakidhani Noah itapunguza matumizi ya mafuta. Gari la mwisho wa wiki halili mafuta mengi kwa kuwa halitembei. Tuseme RX-8 linakwenda kilomita 350 kwa mwezi. Kwa foleni za Barabara ya Bagamoyo, kilomita 6 kwa lita, hizo ni lita 58. Noah ikianza kazi ya kila siku, Tegeta hadi Posta kwa kupitia shule, tuseme kilomita 55 kwenda na kurudi kwa siku 22, ni kilomita 1,210. Ongeza zile 350 za wikiendi, 1,560. Kwa kilomita 9 kwa lita unachoma lita 173. Matumizi yatakuwa mara tatu ya leo. Zidisha kwa bei inayotangazwa na EWURA, wadhibiti wa nishati, Jumatano ya kwanza ya mwezi, halafu utoe kile mnacholipa sasa kwa bajaji na teksi. Kwa watu wazima wawili, mtoto wa shule na kichanga, mara nyingi Noah inashinda, lakini inashinda kwa sababu imeondoa teksi. Kama mnatumia teksi mara mbili kwa wiki tu, hesabu inageuka.

Upande wa matairi hakuna ubishi: Noah ya umbo la 2007 hadi 2014 inavaa 195/65R15 au 205/60R16, saizi zilizojaa kila duka. RX-8 la Type S linavaa 225/45R18. Shimo moja la Mbezi kipindi cha masika linaweza kuondoka na tairi na rimu.

Kuna pia mlango. RX-8 lina milango minne, ndiyo, lakini wa nyuma haufunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma kinaingia kwa shida, na kikishaingia siti ya mbele inasogezwa hadi mtu mzima anapiga magoti kwenye dashibodi. Mama aliyetoka kujifungua asipewe kazi hiyo kila asubuhi.

Ushauri wetu: uza. Uza ukiwa na karatasi ya kipimo mkononi. Namba zikiwa 7.5 na kuendelea, ibandike kwenye tangazo, utauza kwa haraka kuliko wenzako wanaoandika "injini safi" bila ushahidi. Zikiwa karibu na 6.9, sema hivyo na ushushe bei, kwa sababu mnunuzi anayeijua gari hii atapima mwenyewe na mnunuzi asiyeijua atarudi na lawama. Zikiwa chini, liuze kama gari la mradi au la spea. Usifungue injini kwanza ili upandishe bei: gharama za sili, gasketi na mara nyingi nyumba za rota hazirudi hata nusu. Rafiki zako wana haki kwa jambo moja. RX-8 liliacha kutengenezwa mwaka 2012, na Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari yanayoingizwa yakiwa na umri mkubwa. Anayelitaka ana sababu ya kutafuta ndani ya nchi kwanza, na hiyo inakusaidia kama muuzaji.

Kubaki nalo huku ukinunua Noah? Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, hivyo kuliegesha hakukugharimu kitu TRA (mamlaka ya mapato). Lakini RX-8 lenye kompresheni inayoshuka, lililoegeshwa uani wakati mwenye gari analea kichanga, huishia kutolewa kwa winchi.

Kuhusu Noah yenyewe, ya 2001 hadi 2007 ina injini ya 1AZ-FSE inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi hujaa kwenye njia ya hewa, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, na pampu yake ya mgandamizo mkubwa ni ghali. Kama bajeti inaruhusu, chukua ya 2007 na kuendelea yenye injini ya 3ZR. Hata hiyo, tazama pampu ya maji: alama za rangi ya waridi zilizokauka kuizunguka maana yake inavuja. Jaribu milango ya kuburuza yote miwili kwa swichi mara tano tano, mota na nyaya zake hufa. Giaboksi ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia. Iendeshe ikiwa baridi, ukiondoka taratibu hadi kilomita 60 kwa saa. Ikitetemeka kama gari lenye plagi mbovu au ikilia kwa sauti nyembamba inayopanda na mwendo, ondoka. Uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini na ni ipi. Aliyeweka ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, amekuuzia giaboksi ya kubadilisha. Kilomita kwenye dashibodi zilinganishe na cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, ambacho huandikwa kilomita zake. Kama cheti "kimepotea", kadiria mwenyewe kwa kutazama pedeli ya breki, stelingi na siti ya dereva.

SWALI: Hamjambo wahariri. Naendesha Subaru Impreza WRX STI hatchback ya 2008, niko Ruaka, Kenya. Nimejaliwa mtoto, ana miezi miwili. Baba yake anataka tuliuze tuchukue Forester ya 2014. Gari limeshushwa springi na lina ekzosti kubwa, na kila tuta mtoto anaamka. Mimi sitaki kuliachia. Nina haki? (Mama Mtoto, Ruaka)

JIBU: Dada, una haki, ila si kwa gari lilivyo sasa. STI ya umbo hilo ni gari la familia lililovalishwa nguo za rali: milango minne na wa tano nyuma, siti ya nyuma ya watu wazima, na ISOFIX za kufungia kiti cha mtoto. Kinachomwamsha mtoto ni springi na ekzosti, na vyote viwili vinafunguka.

Rudisha springi na shokapu za kiwandani, zote nne pamoja. Ukirudisha springi peke yake juu ya shokapu zilizozoea kubanwa, gari litaruka ruka. Baada ya hapo lazima alaimenti ifanywe upya, vinginevyo matairi ya 245/40R18 yatalika upande wa ndani kimya kimya. Ukitaka ulaini zaidi, shuka kwenye rimu za inchi 17 zenye tairi nene, lakini si kila rimu ya 17 inapita juu ya kaliper za breki za Brembo. Jaribu moja kabla ya kulipia nne. Ekzosti ya kawaida itafute kwa wale walioitoa kwenye magari yao, wengi wamezitupa stoo. Na ukirudisha ekzosti, programu ya kompyuta ya injini nayo irudishwe au ipangwe upya, maana kama ilipangwa kwa bomba kubwa, msukumo wa turbo hautakuwa sawa.

Hilo la programu lina uzito kuliko starehe. STI za Japani zenye injini ya EJ207 zilipangwa kwa petroli ya oktani 100. Ukijaza petroli ya chini ya hapo na ukakanyaga, mafuta yanalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, na kwa Subaru hizi kinachovunjika ni pistoni kwenye sehemu zinazoshika ringi. Pata mpangilio wa petroli inayouzwa Kenya, na ujaze daraja la juu zaidi kituoni. Waulize waliokuuzia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ni kila kilomita 100,000, na kwa gari la 2008 umri wenyewe umeshatosha kuubadilisha hata kama kilomita hazijafika. Fundi akiufungua, abadilishe na roli zake zote pamoja na pampu ya maji. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana.

Sasa tumtetee baba mtoto kidogo. Forester hiyo ina kimo cha sentimita 22 kutoka ardhini, na kwa barabara za ndani za Ruaka wakati wa mvua hiyo si anasa. Injini yake ya FB20 ina cheni badala ya mkanda. Lakini FB za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili. Ukienda kuiona, vuta kijiti cha oili kabla muuzaji hajaipasha moto, na uulize oili imeongezwa kiasi gani tangu sevisi. CVT yake ifanyie jaribio lile lile tulilompa mwenzako wa Tegeta.

Pima kwa utepe badala ya kubishana: funga kiti cha mtoto kinachotazama nyuma upande wa abiria, rudisha siti ya mbele mpaka mtu mrefu kati yenu akae vizuri, kisha uweke kigari cha mtoto kwenye buti. Kikiingia na mlango ukafungika, baki na STI. Kisipoingia, badilisha kigari kwanza. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele kwenye siti yenye eabegi inayofanya kazi, hata kwa safari ya kwenda dukani tu. Mwisho, kabla ya kuamua, ulizia bima kubwa. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa gari zinaloweza kulikatia, na STI ya 2008 inaweza kuwa imeukaribia au kuupita. Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo likiibwa au kugongwa vibaya, jingine kama hilo utalitafuta humu humu nchini.

SWALI: Mimi nina Mazda Roadster ya 2007, ile ya paa la chuma linalojikunja. Siti ni mbili na familia ni ya watu watano. Sitaki kuiuza, nafikiria kununua Probox kando. Naishi Nyali, gari nalilaza chini ya mwarobaini. Ni wazo zuri? (Mwenye Paa, Mombasa)

JIBU: Probox ni wazo zuri. Mwarobaini ndio ubaya wake.

Majani madogo ya mwarobaini yanaingia kwenye mifereji miwili ya maji iliyo nyuma ya siti, mmoja kila upande. Mfereji ukiziba, maji ya mvua yanajaa ndani ya bodi, yanashuka kwenye vizingiti vya chini ya milango, na hewa ya chumvi inamalizia kazi. Kutu ikionekana nje kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, ndani imeshaanza zamani. Jaribu leo: fungua paa nusu, mimina nusu lita ya maji kila upande, taratibu. Yatoke chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma ndani ya sekunde chache. Yasipotoka, pitisha uzi laini wa nailoni. Usipulize kwa kompresa, bomba linaweza kuchomoka ndani na ukawa umejitengenezea kisima. Kisha lipandishe gari kwenye jeki, ugonge vizingiti kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikibadilika kutoka ngumu kuwa ya kopo, una habari mbaya.

Kama utapata banda au gereji yenye paa, isiyo na mti juu, weka Roadster na ununue Probox ya injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, yenye cheni, ambayo spea zake zinapatikana kila mahali. Roadster iendeshwe angalau mara moja kila wiki mbili, nusu saa, mpaka oili ipate moto. Kuiwasha tu ikiwa imesimama kunaleta unyevu kwenye oili na haukauki. Egesha ukiwa umeweka gia na vizuizi kwenye magurudumu badala ya handibreki, pedi zisigande kwenye diski. Tangi liwe limejaa. Soma tarehe ya matairi ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo halifai hata kama meno yamejaa.

Kama banda halipatikani, uza Roadster kabla ya masika. Kwa miaka miwili zaidi chini ya mti ule utakuwa unauza siti na rimu.

SWALI: Nina Toyota 86 nzima kabisa. Yadi wamenipa bei ya kukera wakidai "halitoki hilo", lakini wako tayari nibadilishane na Harrier niongeze hela. Nikubali? (A. M., Dodoma)

JIBU: Mwenye yadi hakudanganyi kuhusu kasi ya soko. Wanunuzi wa gari la milango miwili ni wachache, na yeye anahesabu miezi litakayokaa. Ila usibishane naye bei ya 86. Uliza swali moja: Harrier hiyo nikija na taslimu ni shilingi ngapi? Tuseme anasema milioni 43 taslimu, lakini kwa kubadilishana anaiita milioni 48 na la kwako milioni 25, uongeze 23. Kwa kweli amelinunua la kwako kwa milioni 20. Kama unaweza kuliuza mwenyewe kwa 24 ndani ya miezi miwili, kungoja kunakulipa milioni nne, ukitoa matangazo na usumbufu wa watu wanaokuja kujaribu tu.

Kabla ya kulitangaza, rudisha vitu vya kiwandani ulivyovitoa, na vile vya ziada uviuze peke yake. Anayetaka 86 huamini zaidi lisiloguswa.

Harrier nayo, ikiwa ni ya 2.4 yenye 2AZ-FE, pima unywaji wa oili kwa kilomita 1,000 kama mwenye yadi atakubali. Asipokubali, angalau tazama moshi wa buluu fundi wako akikanyaga mafuta baada ya gari kukaa sailensi dakika tano. Ringi za pistoni za injini hiyo zinajulikana.

Kwa makaratasi: mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili ziwemo, na kadi halisi iende TRA ibadilishwe jina. Usikubali "tutabadilisha litakapopata mteja". Faini za trafiki na ada za maegesho zinafuata namba ya gari, na namba bado iko kwa jina lako. Siku ya kukabidhi, angalia deni la namba zote mbili, ya 86 na ya Harrier, mkiwa wote mmekaa hapo, na ulipige picha dashibodi la 86 lionyeshe kilomita na saa uliyolikabidhi gari.